Lawama kwa Mashine, Kosa kwenye Utepe

Tuchukue pande la mninga lenye unene wa milimita 150, na seremala wa Katuba, mjini Lubumbashi, anayetaka mbao za milimita 20 zilizokwisha kupigwa randa. Msumeno wa utepe uliorekebishwa vizuri hula milimita 2 katika kila mpasuo, na uso unaouacha hudai randa ya milimita 1 tu kila upande. Pande hilo litatoa mbao 6. Msumeno huohuo ukienda kwa mawimbi, ikabidi randa iondoe milimita 3 kila upande ndipo uso unyooke, zitatoka mbao 5. Akipasua kwa msumeno wa mnyororo, ambao mpasuo wake ni kama milimita 9, na uso wake ukadai randa ya milimita 4 kila upande, atabaki na mbao 4. Tofauti kati ya sita na tano haiandikwi popote wala hailalamikiwi na mtu, kwa sababu imekwisha kuwa vumbi na maranda ya kuwashia mbabula.

Katika Haut-Katanga ya leo ubao huo mmoja si wa kudharau. Miombo inayouzunguka mji wa Lubumbashi imerudi nyuma mbele ya wachoma makaa, mashamba na migodi, na miti ya thamani inafuatwa mbali zaidi kila mwaka. Mukula, uliokatwa kwa pupa kwa ajili ya soko la Uchina, uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES mwaka 2019. Novemba 2022 mkutano wa Panama ukaongeza jamii zote za Pterocarpus na Afzelia za Afrika, na kwa hiyo mninga, ambao wengi huku wanauita mulombwa, umo, na mkongo umo. Kiambatisho hicho hakimzuii fundi wa Lubumbashi kuuza kitanda Lubumbashi, kwani kinachodhibitiwa ni biashara ya kuvuka mipaka. Lakini mti unaohitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa haustahili kupotezwa na msumeno unaoyumba. Swali ni kwa nini msumeno unayumba. Jibu linalosikika sana katika atelie ni kwamba mashine ni kuukuu, magurudumu hayako sawa, au umeme ni mbovu. Uchambuzi huu unashikilia jibu jingine: mara nyingi kosa liko kwenye utepe wenyewe, yaani chuma chake, kiungo chake, meno yake na mvuto wake, na anayeanza kurekebisha kwenye magurudumu ameanzia mwisho.

Historia ya chombo hiki inaunga mkono hoja hiyo. Wazo la kufunga utepe wa meno kwenye magurudumu mawili lilipata hati miliki nchini Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, kwa jina la William Newberry. Magurudumu yalijulikana, fremu haikuwa kitendawili, na mashine ya kuzungusha ilikuwepo. Hata hivyo chombo hakikufaa kwa kazi ya kila siku kwa karibu miaka 40, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuunganisha ncha mbili za chuma chembamba kisha zikastahimili kupindwa na kunyooshwa bila kukoma. Njia ya kuunganisha ilipatikana Ufaransa mwaka 1846 kwa Mademoiselle Crépin, na ni kampuni ya Périn ya Paris iliyoishika njia hiyo, ikatafuta chuma bora na namna bora ya kukitia moto, ndipo msumeno wa utepe ukaingia viwandani. Kilichochelewesha mashine nzima kilikuwa kiungo kimoja cha utepe, na kiungo hichohicho ndicho kinachosumbua leo kwenye meza za atelie za Kampemba, Lubumbashi.

Tuangalie basi utepe unapitia nini. Kila unapozunguka gurudumu unapindwa, na kupindwa huko kunaukaza chuma kwa kiasi kinachotegemea mambo mawili tu: unene wa utepe na kipenyo cha gurudumu. Utepe wa milimita 0.9 kwenye gurudumu la milimita 600 hupata mkazo wa takriban megapaskali 300 upande wa nje. Uweke uleule kwenye gurudumu la milimita 400, mkazo unapanda hadi 450, kabla hata hujaongeza mvuto wa kuukaza. Sasa hesabu mara ngapi. Gurudumu la milimita 600 linalozunguka mara 800 kwa dakika huupeleka utepe kwa mita 25 kwa sekunde; utepe wa mita 4 unakamilisha zaidi ya mizunguko 6 kila sekunde, na katika kila mzunguko unapindwa mara mbili. Kwa saa moja ya kazi hiyo ni kupindwa mara 45,000. Chuma hakihitaji kuwa kibaya ili kikatike katika hali hiyo. Kinahitaji tu kuwa kinene kuliko gurudumu lake linavyoruhusu. Kanuni ya zamani ya wapasuaji, kwamba unene wa utepe usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu, inatokana na hesabu hiyo, na ndiyo inayovunjwa kwa urahisi zaidi pale mashine inapochomelewa kienyeji kwa magurudumu yaliyopatikana, au pale roli ya utepe inaponunuliwa kwa bei bila kuulizwa unene. Fundi anaona utepe mnene kuwa ndio imara. Kwenye gurudumu dogo, mnene ndio dhaifu.

Kiungo nacho kina dalili zake, na dalili hizo husingiziwa mashine. Utepe uliochomelewa kisha ukaachwa upoe wenyewe huwa mgumu na mkavu pale pale penye kiungo. Unahitaji kupashwa moto tena polepole na kupozwa polepole ili ugumu huo ulegee, la sivyo utakatika pembeni mwa kiungo na lawama itaangukia magurudumu. Ncha zikiunganishwa bila kunyooshwa kwa rula ndefu, mgongo wa utepe unakuwa na kona ndogo. Kona hiyo inagonga kidhibiti cha nyuma mara moja kwa kila mzunguko, na fundi anayesikia tak-tak hiyo huanza kufungua beringi za gurudumu. Kipimo ni rahisi: chomoa umeme, weka alama ya chaki kwenye kiungo, zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Kama mruko unarudi kila chaki inapopita, kosa ni la utepe. Ukirudi kila gurudumu linapokamilisha mzunguko, bila kujali chaki iko wapi, hapo ndipo gurudumu, mpira wake au beringi vinastahili kushukiwa. Kipimo hiki cha dakika chache kinaokoa siku nzima ya kufungua na kufunga.

Mvuto ni jambo linaloachiwa sana mazoea. Wapo wanaoupiga utepe kwa kidole na kusikiliza sauti yake, wapo wanaousukuma pembeni na kuona umelegea kiasi gani, na wapo wanaofuata alama ya springi kwenye mashine, alama ambayo huenda iliwekwa kwa springi iliyobadilishwa mara mbili tangu hapo. Njia ya sikio si ya kubezwa kwa mtu aliyetumia mashine moja miaka kumi, lakini haifundishiki na haihami kutoka mashine hadi mashine. Chuma chenyewe kinatoa kipimo kisicho na upendeleo: chuma cha utepe huongezeka urefu kwa nusu milimita kwa kila mita kinapovutwa kwa megapaskali 100, mvuto wa chini unaofaa utepe wa kawaida wa chuma cha kaboni. Weka alama mbili zilizoachana milimita 200 kwenye utepe uliolegea, au bana mkono mmoja wa kalipa kila upande, kisha kaza mpaka umbali uongezeke kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Umefika 100. Utepe wenye upana wa milimita 20 na unene wa 0.8 ukifika hapo, kila upande wake unavuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 160 hivi, na magurudumu mawili yanavutana kwa zaidi ya kilo 320. Fremu ya chuma chembamba cha pembe itajipinda chini ya mzigo huo, na hapa ni lazima kukubali kwamba lawama kwa mashine ina ukweli wake: kuna fremu ambazo haziwezi kubeba mvuto unaodaiwa na utepe mpana, na tiba yake ni kufunga utepe mwembamba kwa upana au kuongeza chuma kwenye mgongo wa fremu. Joto nalo halisahauliki katika mji ambao mwezi wa kumi hauna huruma. Utepe ukipanda nyuzi 30 kwa jua na msuguano wakati fremu imebaki ilivyo, unarefuka kiasi cha kupoteza karibu megapaskali 70. Mashine yenye springi nzuri hulifuata badiliko hilo. Mashine iliyokazwa kwa skrubu kavu hupoteza sehemu kubwa ya mvuto wake kabla ya saa sita mchana, na mbao za alasiri hutoka na tumbo.

Pingamizi la kwanza na zito dhidi ya kuanza na utepe ni hili: magurudumu mawili yasipokuwa katika bapa moja, utepe wowote, hata mpya, utasumbua. Wanaosema hivyo huweka rula ndefu juu ya magurudumu yote mawili na kuongeza washa nyuma ya gurudumu la chini au la juu mpaka rula iguse pande zote nne. Kwa misumeno mikubwa ya kupasulia magogo, yenye magurudumu bapa na utepe wa milimita 100 unaoning'iniza meno nje ya ukingo, wana haki kabisa. Pale kosa la milimita moja lina gharama. Lakini misumeno ya karakana ina mipira yenye mgongo katikati, na mgongo huo umewekwa ili utepe ujitafutie mahali pake. Gurudumu la juu lenyewe linainamishwa kwa skrubu kila utepe unapobadilishwa. Mara tu unapoliinamisha, ule usawa uliopatikana kwa washa umeondoka. Zaidi ya hayo, wengi hupima utepe ukiwa umelegea, halafu wanakaza, fremu inajipinda, na kipimo kinakuwa cha mashine nyingine. Mwenye kutaka kupima magurudumu apime yakiwa yamevutwa kama kwenye kazi, na aongeze washa ikiwa tu utepe mzuri, uliokaguliwa mgongo na kiungo, unakataa kutulia. Tofauti ndogo ambayo utepe unaivumilia kwa utulivu si ugonjwa. Mpira uliochakaa ndio ugonjwa: uliokauka, uliopasuka, au uliojaa utomvu na unga wa mbao kiasi cha kuota mgongo mpya upande usiofaa. Kuukwangua na kuurudishia umbo lake ni kazi ya asubuhi moja.

Pingamizi la pili linahusu kupotoka. Fundi anapiga mstari, anasukuma ubao sambamba na mstari, na msumeno unavuta kushoto. Shule moja ya mafundi, yenye wafuasi wengi duniani, hufundisha kwamba kila utepe una njia yake. Basi tafuta pembe ambayo utepe unapenda, kisha ikaze reli ya kuongozea mbao kwenye pembe hiyo. Hiyo ni kuukubali ugonjwa na kuupangia chumba. Itafanya kazi leo, kwa utepe huu. Kesho meno ya upande mmoja yamegusa msumari, pembe imebadilika, na reli iko kombo dhidi ya meza na dhidi ya kila kitu kingine kwenye mashine. Kupotoka kuna sababu tatu zinazoweza kutenganishwa. Ya kwanza ni mahali utepe unapokaa juu ya mgongo wa mpira: ukikaa mbele sana au nyuma sana, unalala kwenye mteremko na mwili wake unageuka pembe kidogo, ukielekeza meno kando. Mmarekani Alex Snodgrass amesambaza kanuni nyepesi ya kuweka chini ya mabonde ya meno katikati ya gurudumu la juu, na sababu ya kufaa kwake inaeleweka, kwa kuwa mvuto mkubwa zaidi uko juu ya mgongo wa mpira, hivyo unaangukia nyuma tu ya meno, ambako nguvu ya kukata inahitajika. Baada ya hapo meza na reli huletwa sambamba na utepe, mara moja. Sababu ya pili ni meno yaliyopindwa au kunolewa bila usawa. Utepe huvuta kuelekea upande ulio mkali au uliopanuka zaidi, na jiwe la kunolea likiguswa taratibu ubavu huo huku mashine ikizunguka tupu, kupotoka kunapungua. Ya tatu ni meno madogo katika ubao wenye kimo kikubwa. Vumbi linajaa mabonde, halina pa kwenda, utepe unapinda kutafuta nafasi. Kupasua mkongo wa kimo cha milimita 200 kunataka meno kama matatu kwa kila inchi, na utepe wa meno kumi uliokusudiwa kukatia michoro hautanyooshwa na reli ya aina yoyote.

Juu ya vidhibiti vya pembeni hakuna mengi, ingawa ndivyo vinavyochezewa kuliko kitu chochote. Vinakuja mwisho, utepe ukiwa umetulia bila msaada wao: unene wa karatasi kila upande, ukingo wa mbele ukibaki nyuma ya mabonde ya meno, na kidhibiti cha nyuma kikiachwa mbali kiasi cha nusu milimita, kiguswe pale tu ubao unaposukumwa. Beringi zikikosekana, vipande vya mti mgumu uliolowekwa mafuta vinatosha, na vina faida kwamba haviumizi meno vikigusana nayo. Kosa kubwa hapa ni kuvibana ili viushike utepe unaoyumba, kwa sababu vinaupasha joto, joto linaurefusha, na uyumbaji unarudi umeongezeka.

Linabaki suala la umeme, na hili ndilo pingamizi ambalo mtu wa Lubumbashi atalitaja kwanza. Mabwawa ya Mwadingusha, Nzilo na Nseke yalijengwa enzi za Union Minière kwa ajili ya migodi, na hadi leo mji na migodi vinagombania mkondo uleule. Shirika la umeme, SNEL, likiwa na upungufu, delestaji, yaani mgao wa umeme, inafuata, na pasipo delestaji voltiji hushuka. Athari yake kwa mota si ya kufikirika. Nguvu ya mota ya kawaida ya kuzungusha hupungua kwa kipeo cha pili cha voltiji: umeme wa volti 380 ukishuka hadi 310, mota inabakiwa na theluthi mbili tu ya nguvu yake. Fundi anahisi msumeno umechoka, anasukuma kwa kifua, utepe unapinda nyuma na kutoka njiani. Ni kweli basi kwamba umeme umeharibu ubao, lakini umeuharibu kupitia mkono na utepe butu. Meno makali hudai nguvu ndogo zaidi, na anayesukuma polepole hupata ubao mnyoofu hata kwa mota dhaifu. Mambo mawili ya umeme yanadai tahadhari ya pekee. Baada ya laini kutengenezwa mtaani, nyaya za umeme wa fezi tatu huenda zikarudishwa kwa mpangilio mwingine na mota ikazunguka kinyume. Utepe unaopanda badala ya kushuka humtupia fundi ubao, kwa hiyo mguso mfupi wa swichi kabla ya kazi ni lazima. La pili ni hatari zaidi: umeme unaorudi ghafla wakati swichi iliachwa ikiwa imewashwa na mikono imo ndani ya magurudumu. Kontakta inayojiachia umeme unapokatika, na kusubiri kuwashwa upya, ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na vidole. Na marekebisho yote yaliyotajwa hapa, isipokuwa kugusa ubavu wa meno kwa jiwe, yafanywe plagi ikiwa imechomolewa, pasiwepo anayesema kwamba leo ni siku ya kukatika.

Kuna anayeweza kusema kwamba yote haya ni ushauri kwa mtu mwenye duka la tepe karibu, na kwamba mtu wa Lubumbashi hununua kilichopo. Pingamizi hili lina nguvu, ila linaelekea upande wa hoja hii. Ikiwa utepe mzuri ni adimu, kutunza uliopo ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko kununua mashine nyingine ya mtumba. Kulegeza utepe kila jioni, kuosha utomvu, kunoa kabla meno hayajawa butu kabisa, na kuchomelea kwa utaratibu unaofundishika ni ujuzi unaoweza kuwa kazi ya mtu mmoja anayehudumia atelie kumi za Kenya (commune, si nchi) na Kampemba. Shule kama Cité des Jeunes ya Wasalesiani, ambayo tayari inafundisha useremala na ufundi wa chuma chini ya uzio mmoja, ina pande zote mbili za ujuzi huo: anayejua ubao unataka nini, na anayejua chuma kinapozwaje.

Kinachozuia utunzaji huo ni malipo zaidi kuliko ujuzi. Pale mteja anapoleta mbao zake na kulipia kila mpasuo, mwenye msumeno hupata fedha ileile pande likitoa mbao sita au tano. Hasara ya mawimbi inamwangukia mwenye mti, na gharama ya kunoa inamwangukia mwenye mashine. Maadamu mambo yamegawanyika hivyo, utepe utatumika mpaka ukatike. Mteja ndiye anayeweza kugeuza hesabu hiyo, na hahitaji kuijua mashine. Aje na kipande cha mti hafifu chenye kimo cha mbao zake, aombe kipasuliwe kwanza, kisha apime unene wa ubao uliotoka kwenye kona zote nne na katikati kwa kalipa. Kona na katikati zikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja, alipie mpasuo huo na aupeleke mninga wake atelie nyingine.